Mdhamini wa Tatu

Kama kungekuwa na shahada ya kutafuta kazi, Hidaya angeshakuwa profesa. Miaka sita alikuwa ameketi kwenye steshenari ya Oscar, mtaa wa nyuma ya stendi ya Msamvu, akiwachapia watu wengine barua za maombi ya kazi, na katika miaka hiyo alishaona kila kosa ambalo binadamu anaweza kulifanya mbele ya karatasi. Aliona walionakili barua ya mwaka juzi wakasahau kubadili jina la kampuni. Aliona picha za pasipoti zilizopigwa kitandani, mto ukichungulia begani. Alimwona dada mmoja ambaye cheti cha kuzaliwa kilimwita Joyce Amosi, cheti cha kidato cha nne kikamwita Joyce Yeremia, na mwenyewe anashangaa kwa nini haitwi kwenye usaili. Aliona wanaotuma maombi saa moja baada ya muda kwisha, wanaoambatanisha risiti badala ya cheti, wanaoandika namba ya simu ya rafiki halafu wakagombana na huyo rafiki.

Wote hao aliwasahihisha bila kupandisha sauti. Sauti yenyewe ilikuwa imeshachoka. Alikuwa na maneno yake ambayo aliyasema kila siku mpaka Oscar akawa anayamalizia kutoka kwenye mashine ya fotokopi: soma tangazo mara mbili, panga vyeti kwa mpangilio walioutaka wao na si unaoutaka wewe, usiombe kazi tano kwa barua moja. Na la mwisho, ambalo alilisema akimtazama mtu usoni: usiweke ndugu kuwa mdhamini.

"Mdhamini ni mtu aliyefanya kazi na wewe," aliwaambia. "Si mtu aliyekula ubwabwa na wewe. Na kabla hujaandika namba yake, mpigie umwambie."

Watu wakamshukuru, wakaenda, wakapata kazi. Wengine walirudi kumpungia mkono kutoka barabarani, vitambulisho vya ofisini vikiwaning'inia kifuani. Hidaya aliwafurahia kweli, hakuwa mtu wa kijicho. Ila akiinamisha tena kichwa kwenye kompyuta, alijisikia kama fundi wa viatu anayetembea pekupeku.

Kwani yeye alikosa nini? Stashahada ya utunzaji kumbukumbu anayo. Na kazi alishapata, si moja, tatu. Ya kwanza ilikuwa katika ofisi ya shule moja ya binafsi. Bibi yake, mama mzaa mama, akateleza shambani akavunjika nyonga, simu ikapigwa kutoka mlimani, Hidaya akaenda. Alikaa wiki kumi akimwogesha, akimgeuza, akimlisha uji kwa kijiko. Aliporudi shuleni alikuta mtu mwingine kwenye kiti chake. Ya pili alikuwa mkatisha tiketi wa kampuni ya mabasi. Akafariki mke wa mjomba, Hidaya akaenda kwa siku tatu, zikawa saba, zikawa arobaini, maana jiko lilikuwa halina mtu. Ya tatu ilikuwa zahanati, nayo aliiacha pale mdogo wake alipojifungua mapacha. Hakuna aliyewahi kumlazimisha. Lakini pia hakuna aliyewahi kufikiri kwamba simu inaweza kulia na Hidaya asiende, na Hidaya mwenyewe hakuwahi kufikiri hivyo. Alikwenda kama maji yanavyoteremka, na kila aliporudi mjini alikuta wenzake wamepiga hatua nyingine.

Basi siku moja Oscar akabandika dirishani tangazo jipya. Kiwanda cha kufungasha viungo, kule Kihonda, kilitaka mtunza kumbukumbu wa ghala. Stashahada, uzoefu wa miaka miwili, umri usiozidi miaka thelathini na mitano. Hidaya alikuwa amebakiza miezi mitatu kuitimiza hiyo thelathini na mitano. Alilisoma tangazo mara mbili kama alivyozoea kuwafundisha watu, akalisoma na mara ya tatu, halafu akamwambia Oscar kwamba leo mteja ni yeye.

"Hii nikiikosa, Oscar, sitafuti tena. Nitazeekea hapa kwenye kiti chako."

"Kiti chenyewe kimebakiza miguu mitatu," Oscar akasema. "Andika vizuri."

Akaandika vizuri. Barua yake ilikuwa ukurasa mmoja, safi. Vyeti vilikuwa na muhuri wa wakili. Majina yalilingana mwanzo mpaka mwisho. Kikwazo kikawa kwenye wadhamini, maana walitaka watatu. Wa kwanza alikuwa mwalimu wake wa chuo, Bwana Geofrey, mstaafu ambaye bado anapokea simu. Wa pili Oscar. Wa tatu ndiye hakuwepo. Mkuu wa ile shule alishafariki. Wale wa mabasi na wa zahanati, ungewapigia wangesema ukweli, na ukweli wenyewe ni kwamba aliondoka akasema anarudi kesho. Saa ilikuwa nane na nusu mchana na maombi yalifungwa saa tisa. Hidaya akakaa mikono juu ya kibodi, akawaza, kisha akaandika: Kondo Salehe, mwenyekiti mstaafu wa kijiji. Palipotaka uhusiano na mwombaji aliandika, mjomba.

Oscar alisoma kutoka nyuma ya bega lake. "Wewe! Wewe ndiye unaandika hivyo?"

"Tuma," Hidaya akasema. "Nimechoka kufikiri."

Ulikuwa uchovu, lakini haukuwa uchovu peke yake. Kwao Hidaya, mtoto ni wa ukoo wa mama, na anayesimama mbele ya watu kwa niaba yako ni mjomba. Ukiolewa anasimama yeye. Ukishtakiwa anasimama yeye. Siku alipoanza kidato cha kwanza, aliyemshika mkono mpaka ofisini ni Mjomba Kondo, kavaa koti la harusi yake katika jua la saa saba. Kwa hiyo mkono ulipoliandika lile jina moyo ulitulia, kana kwamba karatasi nzima sasa imekamilika. Akili ilijua ni kosa, lakini moyo haukukubaliana nayo.

Wakamwita. Aliyemsaili alikuwa Bi Josephina, ofisa utumishi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na daftari gumu. Alimuuliza Hidaya juu ya mafaili, juu ya kompyuta, juu ya namna ya kupokea mzigo wa mdalasini na kuuandika bila kuchanganya wakulima. Hidaya alijibu yote bila kubabaika. Kisha Bi Josephina akaweka kidole kwenye wasifu wake.

"Hapa pana mwaka hauna kitu. Na hapa tena. Na hapa."

"Nilikuwa na mambo ya kifamilia," Hidaya akasema, akasikia jinsi lilivyo jibu la kipuuzi, jibu alilowakataza watu mia.

"Haya. Jumatatu asubuhi tutawapigia wadhamini wako. Mmebaki wawili."

Jumapili Hidaya akapanda kwao. Alishuka Mkuyuni, akachukua pikipiki mpaka inapokomea barabara, akamalizia kwa miguu, mwendo wa saa nzima katikati ya migomba, viatu mkononi. Alimkuta bibi yake ameketi uwani anachambua karafuu, na mjomba wake anapiga randa mlango wa jirani. Akaamkia, akaitikiwa, akala. Kisha akamweka mjomba kitako akamweleza kwamba kesho atapigiwa simu na watu wa kiwandani, na aseme mambo matatu tu: kwamba Hidaya ni mchapakazi, ni mwaminifu, na anajua kutunza mafaili.

"Ni hayo tu?" Mjomba Kondo akauliza.

"Hayo yanatosha, mjomba."

"Mtu nimekulea tangu huna meno, leo nikasimulie mafaili?"

"Ndiyo wanachotaka, mjomba wangu. Tafadhali. Usiongeze."

Mzee akaguna. Hidaya alilijua lile guno, hakulala vizuri.

Simu kule kwao hushika mtandao sehemu moja tu, ubavuni mwa ukuta wa msikiti, tena ukisimama umeelekea bondeni. Jumatatu saa tatu walikuwa pale wawili, mzee kavaa kanzu ya Ijumaa. Simu ikalia. Kwa kuwa sikio lake la kulia halisikii na la kushoto linachagua, aliiweka sauti kubwa, kila kitu kikasikika wazi.

"Shikamoo mzee. Naongea na Mzee Kondo Salehe?"

"Marahaba mama, marahaba. Ndiye mimi. Hamjambo huko? Watoto hawajambo? Baba yao je? Mvua imeshawafikia?"

Bi Josephina alijibu yote, moja moja, kwa adabu. Kisha akauliza Hidaya ni mfanyakazi wa namna gani. Hidaya akamwonyesha mjomba vidole vitatu. Mjomba akavitazama, akaviacha.

"Mama, wewe ni mtu mzima, nikuambie kitu. Hidaya hana mfano. Huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu, lakini wako watoto wengi wa dada zangu na hawako hivyo. Mama yangu alivunjika nyonga. Hidaya alikuwa na kazi nzuri shuleni, ofisini, anakaa kwenye feni. Aliiacha siku ile ile! Akaja akamwogesha bibi yake wiki kumi, mpaka bibi akasimama. Mke wangu akafariki. Hidaya alikuwa kwenye mabasi. Akaacha tiketi zao akaja, akanipikia siku arobaini, mimi na watoto. Mdogo wake akapata mapacha. Yuko zahanati. Akaacha!"

Upande wa pili kalamu ilisikika ikikwaruza. Hidaya alijifunika uso kwa mtandio. Alitaka kuinyakua ile simu aitupe bondeni. Na hapo hapo, ndani ya ile hasira, alitamani mzee aendelee, kwa sababu hakuna aliyewahi kuusimulia ujana wake hivyo. Kwenye wasifu ilikuwa miaka mitupu. Kinywani mwa mjomba ilikuwa miaka iliyojaa.

"Kwa hiyo, mzee," Bi Josephina akasema taratibu, "kazi zote tatu aliziacha kwa ajili ya mambo ya nyumbani."

"Aliziacha, mama! Tena bila kunung'unika!"

"Sawa. Sasa nikuulize, mzee wangu. Hapa kwetu mzigo huingia kila siku, na ukiingia lazima uandikwe siku hiyo hiyo. Kazi hii haitaki mtu wa kuondokaondoka. Nyumbani kukitokea jambo, itakuwaje?"

Mjomba Kondo akaitazama simu. Hapo ndipo alipoelewa. Uso ulimshuka kama mtu aliyepeleka zawadi akagundua amekosea nyumba. Akageuka kumtazama Hidaya, na Hidaya angeweza kutikisa kichwa, au kutazama pembeni, au kusema liwalo na liwe, turudi nyumbani. Hakufanya hata moja. Alishusha mtandio, akaikutanisha mikono chini ya kidevu kama mtoto anayeomba, na machoni pake mzee akaona namna alivyochoka. Ni hilo tu alilofanya. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba yeye hakusema neno, na kila mara alijua anajidanganya.

Mzee akageukia bonde, akalitazama mpaka Bi Josephina akasema, haloo, haloo, mzee upo?

"Nipo, mama. Hatutamwita."

"Hamtamwita?"

"Mimi ndiye mjomba wake. Nikisema hatumwiti, hakuna wa kumwita. Mwandikeni."

Jioni Mjomba Kondo aliwakusanya watu wa nyumbani pale uwani kwa bibi. Hawakuwa wengi: bibi mwenyewe, Semeni binti wa mama mdogo, na wakubwa wengine wachache wa ukoo. Akawaambia kwamba ametoa neno kiwandani, kwa jina la nyumba yote, na kuanzia leo Hidaya hapigiwi simu ya kuitwa. Akija mwenyewe, karibu. Kuitwa, hapana.

"Hata kwa ugonjwa?" Semeni akauliza.

"Nimesema."

"Hata kwa msiba?"

Mzee akakuna goti. Bibi ndiye aliyeinua uso kutoka kwenye karafuu zake. "Basi mimi nitajitahidi nife Jumapili," akasema, na watu wote wakacheka, Hidaya akacheka kuliko wote, kwa sababu alikuwa ameshaanza kujiona yuko kwenye kiti chenye miguu minne.

Akapata kazi. Barua ilifika Alhamisi ile ile.

Na kazi aliiweza, hilo hata mwenye roho mbaya angekubali. Ghala lililokuwa linaandikwa kwenye vipande vya maboksi likapata rejista, kila mkulima na ukurasa wake, kila gunia la pilipili manga na tarehe yake. Wakulima wa kwao waliposhusha mizigo walifurahi kumkuta mtu anayejua kijiji chao kiko mteremko upi. Bi Josephina alimsifu mbele ya watu mara mbili. Hidaya akanunua viatu vya kufunika vidole. Mchana alikula kwenye kantini, chakula alichopika mtu mwingine, na mara ya kwanza alipokaa mbele ya sahani ile nusura alie kwa raha.

Siku za Jumapili alikwenda kwao, mwanzoni kila wiki, kisha kila wiki ya pili, kisha mwezi ukipita. Simu haikulia. Mwanzo aliipima mara kwa mara kuona kama ina chaji. Kisha akazoea. Akipiga mwenyewe, mjomba akikutwa pale ukutani, jibu lilikuwa moja: tunaendelea vizuri, kazi inaendaje? Alikuja kujua baadaye kwamba mtoto wa Semeni alilazwa, akatoka. Alikuja kujua kwamba shangazi mmoja wa kule kwao alifunga ndoa, wali ukaliwa, masufuria yakaoshwa. Alijua yakiwa yamekwisha. Alisikitika, ndiyo. Lakini lazima lisemwe na lingine: alipumzika. Alilala usiku mzima bila kutega sikio. Aliamka Jumamosi akakaa tu, mikono mapajani, akasikiliza majirani wakiitana. Kwa miezi minane Hidaya hakuwa mtu wa kuitwa na mtu yeyote, na aliipenda hali hiyo kuliko alivyothubutu kumwambia mtu.

Ijumaa moja asubuhi Yunusi, mfanyabiashara wa mdalasini anayenunua huko juu na kuleta kiwandani, alishusha magunia kumi na mawili. Hidaya akafungua rejista, akaandika tarehe, akaandika jina. Yunusi akavua kofia.

"Poleni sana, dada. Bibi alikuwa mtu wa watu. Jumatano mlima mzima ulikuwa pale."

Hidaya aliendelea kuandika. Aliandika uzito wa gunia la kwanza, la pili. Kwenye la tatu kalamu ikasimama.

"Bibi yupi?"

Yunusi akamtazama, akatazama magunia, akatamani angekuwa amenyamaza. Ilibidi aseme. Bibi aliugua siku tano, kifua. Alifariki Jumatano alfajiri, akazikwa adhuhuri. Yeye mwenyewe Yunusi alilishika jeneza. Alidhani Hidaya alikuwa ndani na wanawake.

Hakumaliza magunia. Alikwenda ofisini kwa Bi Josephina bila kubisha hodi, akasimama mbele ya meza, akaanza kueleza kwa haraka kwamba anajua walikubaliana, anajua mjomba wake alitoa neno, lakini anaomba, kwa mara hii moja tu, anaomba wasimwandikie barua ya onyo.

"Subiri," Bi Josephina akasema. "Nani kafariki?"

"Bibi yangu. Mama mzaa mama."

"Lini?"

"Juzi. Wameshazika."

Bi Josephina akavua miwani. "Na wewe upo hapa unaandika magunia? Hidaya! Bibi yumo kwenye mkataba. Bibi, babu, mzazi, mtoto, siku nne za msiba, ni haki yako, hata huombi. Hukuusoma mkataba?"

Hidaya, mtu wa kusoma tangazo mara mbili, hakuusoma. Siku ile ya kusaini aliona mahali pa sahihi, akasaini kwa furaha.

"Lakini ulimuuliza mjomba," akasema. "Ulimuuliza nyumbani kukitokea jambo itakuwaje. Akakuahidi hawataniita."

Bi Josephina alifikiri kwa bidii, na ilikuwa wazi kwamba anatafuta kitu ambacho hakukiweka. "Nilimuuliza? Inawezekana. Lile swali huwa tunawauliza wadhamini wote, mama. Ni kusikia tu mtu anajibuje. Kiti ulikuwa umeshakipata siku ya usaili." Akainuka, akazunguka meza, akamshika bega. "Nenda. Nenda sasa hivi."

Alikwenda na viatu vya kazini, akavivua pale pale anapovivulia siku zote, akapanda. Hakulia njiani. Alikuwa anahesabu wanawake wa ukoo waliobaki wanaojua kuosha maiti, nani angekuwa amemimina maji, nani angekuwa ameshika kichwa. Miaka yote alijua kwamba kichwa kingekuwa mikononi mwake. Alijua uzito wake, aliushika wiki kumi.

Msiba ulikuwa bado umekaa. Wanaume walikuwa kwenye turubai, wanawake uwani, kwenye mikeka, na jikoni moshi ulikuwa unatoka kwenye mafiga ambayo Hidaya aliyapanga kwa mkono wake, msiba uliopita. Alipoingia wakageuka wote. Hakuna aliyekunja uso. Afadhali wangekunja. Walimpokea vizuri mno, wakapokezana mkono wake mmoja baada ya mwingine, na sauti zao zilikuwa za upole uleule wanaomwekea mwalimu mkuu au mke wa diwani.

"Karibu, Hidaya. Pole na safari."

"Pole na kazi, dada."

Akamwona mjomba wake upenuni, akamwendea, akapiga magoti. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama."

"Kwa nini, mjomba?"

Mzee alikuwa amepungua. Kanzu ilikuwa ile ile, ya Ijumaa, na leo ilikuwa Ijumaa kweli. "Alikuulizia," akasema. "Siku ya tatu alikuulizia. Semeni akachukua simu akakimbilia ukutani, nikamfuata nikamnyang'anya. Nilimwambia mama, Hidaya yuko kazini, tulitoa neno. Akasema, haya. Hakuuliza tena." Alikohoa. "Nilimwambia yule mama wa kiwandani hatutamwita, na mwenyewe ulikuwepo ulinisikia. Ningekuita, ungekuja. Nakujua. Ungekuja, wangekufukuza, na mimi ningekuwa mjomba wa namna gani? Ya nne, Hidaya. Sikutaka ya nne ife kwa ajili yetu."

Hidaya alikuwa na jibu, alilibeba mlima mzima. Kwamba zilikuwepo siku nne, zimeandikwa, zina muhuri. Kwamba lile swali lilikuwa la kutimiza utaratibu tu, na aliyeliuliza hakumbuki hata kama aliliuliza. Kwamba hakuna mtu kiwandani aliyewahi kulitaka neno lake. Alifungua kinywa alitoe. Akaiona mikono ya mzee imelala magotini, mikono iliyomnyang'anya Semeni simu huku mama yake mzazi akiuliza ndani.

"Wamekubali kukuruhusu?" Mjomba Kondo akauliza kwa hofu. "Hawakugomba?"

"Waligomba, mjomba," Hidaya akasema. "Waligomba sana. Nimewabembeleza mpaka wakakubali. Kama ungeniita Jumatano wangenifukuza hapo hapo."

Mzee akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. "Nilijua," akasema. "Nilijua. Washukuru sana, mwanangu, ukirudi."

Hidaya akainuka, akafunga kanga kiunoni, akaelekea jikoni ambako masufuria yalikuwa yanamngoja tangu Jumatano. Semeni akamwahi mlangoni. Akamshika mkono, kwa mapenzi kabisa, akamrudisha uwani, akaingia ndani, akatoka na kiti cha plastiki. Akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga yake, akakiweka pembeni ya mikeka, upande wanaokaa wageni waliotoka mbali.

"Umechoka, dada, na Jumatatu una kazi," akasema. "Kaa hapa, tutakuletea chakula."

Hidaya akakaa.